Milimita na Kiongozo Chake cha Kukerezea

Zamani kitu kikiharibika mtu alikaa nacho mpaka ajue kinaumwa wapi; siku hizi kinatupwa, na aliyekitengeneza anatupwa pamoja nacho.

Marehemu mdogo wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Milimita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yetu. Alianza shule Januari 1956, akamaliza darasa la nane 1963. Nyumbani palikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja, nami nikaishia la nne. Mengine nimeyaokota mwenyewe kwenye vitabu vya kuazima. Sisemi haya kwa kinyongo. Au tuseme kinyongo kipo, lakini si juu yake.

Mwaka 1966 aliajiriwa kiwandani, akawa fundi mitambo hadi lango lilipofungwa 1991. Leo pale ni maghala ya vyombo vya plastiki. Raha yake ilikuwa mashine ndogo ya kukereza vyuma, aliyoifunga juu ya meza katika chumba cha uani. Alioa tarehe 6 Desemba 1975. Shemeji yangu, aliyeketi hapa mbele, aliizoea mashine kwa kuitania. Mgeni akimuulizia mwenye nyumba, aliambiwa, "Yuko kwa mke mwenzangu. Usimwite, hasikii. Gonga bati."

Marehemu alitoka mikono imejaa mafuta. "Mwenzio huyu hanuni, mama watoto."

"Atanunaje, na wewe hujawahi kumwambia apike?"

Sasa nifike pale mnapopajua nyote, au mnapodhani mnapajua.

Mashine hiyo huzungusha chuma kilichoshikwa ncha zote mbili, na kisu hukichonga kikizunguka. Ukitaka chuma kichongoke, kiwe chembamba upande mmoja, unasogeza kidogo kichwa cha nyuma, yaani sehemu inayoshika ncha ya pili. Ukimaliza unakirudisha katikati. Usipokirudisha, kila chuma kitakachofuata kitachongoka kwa kiasi ambacho jicho halikioni.

Mwanzoni mwa Agosti 1992 Milimita alikereza ekseli mpya ya kiti cha magurudumu cha mama. Aliipima upande mmoja tu, kwa kuwa mashine yake aliiamini. Jumapili tarehe 9 gurudumu la upande uliotoka mwembamba lilichomoka kwenye mteremko wa uani, mama akaanguka na kuvunjika nyonga. Alifariki tarehe 30 Oktoba. Kwenye kikao cha ukoo shangazi alimnyooshea kidole: "Wewe na milimita zako! Umeniulia wifi yangu." Marehemu hakujitetea. Alisema tu, "Nilisahau kukirudisha katikati."

Hakusahau. Siku moja kabla hajaikereza ekseli ile, yeye akiwa matembezini na mkewe, niliingia chumbani mwake kukereza pini ya bawaba ya lango langu. Pini ilitakiwa ichongoke. Nilikisogeza kichwa cha nyuma, nikachukua pini yangu, nikaenda zangu. Hakuna aliyeniona. Na kikao kile, mimi ndiye niliyekiongoza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Tangu hapo alikikaza kichwa cha nyuma kwa bolti mbili, akaanza kutafuta namna ya kuchongoa chuma bila kukisogeza. Kiongozo chake cha kwanza, pande la chuma lililolazwa mshazari nyuma ya mashine ili livute kisu kidogo kidogo, kilitetemeka kikaacha mikwaruzo. Cha pili kilikwama. Cha tatu, Mei 1996, kilitoa chuma laini kama ukucha. Aliniita nikishike.

"Kaka, kwa hiki, hata msahaulifu kama mimi hawezi kuua mtu."

Nikamwambia, "Umefanya vizuri."

Alitengeneza vingine kumi na saba kwa wapenzi wa kukereza wa miji mingine, na ndani ya kila boksi aliweka karatasi ya maelekezo, mstari wa kwanza ukisema: Kichwa cha nyuma kisiguswe. Miaka yote hiyo hakuna mtoto wa ukoo huu aliyeruhusiwa kupanda baiskeli aliyoitengeneza yeye. Mnajijua mlioyakataza hayo. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyamaza.

Aliugua mapafu kuanzia Februari 2017. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne, na kaka mmoja.

Nilimwona mara ya mwisho Jumatatu alasiri. Shemeji alikuwa anaanua nguo uani. Nilivuta kiti nikamweleza yote: pini, lango, siku ile. Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Kwa hiyo mama alikufa akijua ni mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Ungemwambia yeye, kaka. Mimi ningeweza kusubiri."

Nilitaka kumshika mkono, akautia chini ya shuka na kugeukia ukutani. "Nenda. Niache nipumzike."

Nilisimama mlangoni kitambo. Hakugeuka. Nikatoka, nikaurudishia mlango taratibu. Mwenyezi Mungu ampe pumziko aliloniomba.