Kabla ya Saa Kumi na Moja: Risala ya Bendi ya Schlickhammer kwa Bwana Onno Tjarks

Mgeni rasmi, Bwana Onno Tjarks, mfugaji wa Westerlohfehn na mwenye banda tulimozaliwa;
Mama Gesine Tjarks;
Kamanda wa zimamoto wa kujitolea, uliyeyatoa magari yako nje kwenye mvua ili sisi tupate ukumbi;
Wazazi wetu, majirani zetu, na ninyi mliotoka Hamburg mkapotea njia huko kwenye mifereji:

Sisi vijana wanne wa bendi ya Schlickhammer, yaani Nyundo ya Tope, tunawasalimu. Anayesoma ni Tomma Harms, mwimbaji. Wenzangu wamenichagua kwa sababu nyumbani kwetu ni duka la mikate, nami nimezoea kuzungumza na watu ambao hawajaamka vizuri.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, bendi nyingine zikizindua albamu humwalika meya. Nasi tulimjadili meya. Habbo, mpiga gitaa wetu, akauliza, "Meya ametuazima nini?" Tukafikiri mpaka kahawa ikapoa. "Basi akae safu ya tatu," akasema Habbo, na pale yupo. Karibu, Mheshimiwa Meya, keki ipo ya kutosha.

Mgeni wetu hakuja na dereva. Amekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mfereji, amevaa koti la kanisani, na nyonga yake ya bandia aliwekewa msimu wa baridi uliopita tu. Tumeona pia kwamba fimbo ameiacha nyumbani. Mama Gesine naye ameona, na watazungumza wakifika kwao. Sisi tunasema tu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuja kwako kumetupa nguvu kuliko unavyodhani.

Tunajua hakuna bendi ya metali duniani inayozindua albamu Jumapili saa nane mchana, tena na sufuria ya supu ya maharage mlangoni. Lakini ni lazima tumalize kabla ya kukamua. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilojifunza kwako.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

Tulianza miaka minne iliyopita. Jelto, mpiga besi wetu, ambaye ninyi mnamjua kama dereva wa lori la maziwa, alirithi kwa mjomba wake sanduku la kanda za miaka ya themanini. Zilikuwa kanda za vijana wa Hamburg na wa bonde la Ruhr, watoto wa wachimba makaa na wafua chuma, wakipiga gitaa kana kwamba nyumba inaungua na mlango umefungwa. Jelto alizisikiliza ndani ya lori kijiji hadi kijiji. Siku moja akasimama kwenye uwanja wako, akamkuta Wiebke, binti yako, anasafisha ndoo, akafungua mlango wa lori ili asikie.

Wiebke akasikiliza wimbo mzima. Kisha akageuza ndoo mbili chini juu, akachukua vijiti vya kukorogea maziwa ya ndama, akaanza kuufuata. Jelto anasema, "Nilichelewa vijiji vitatu siku hiyo, na sikujali."

Wakatuvuta Habbo na mimi, tukaja wote wanne kwako kuomba banda la viazi. Ulikuwa chini ya trekta, tulikuwa tunazungumza na viatu vyako.

"Mnataka kupiga nini?" ukauliza.

"Metali, Mzee. Ya kasi."

"Kelele?"

"Kelele, lakini kwa mpango."

Viatu vikasema, "Pigeni. Lakini ng'ombe wangu mmoja akikata maziwa kwa sababu yenu, nawatupa mferejini na magitaa yenu."

Mgeni rasmi, hakuna ng'ombe aliyekata maziwa. Jelto, ambaye ndiye anayeyavuta kutoka kwenye tangi lako, anashuhudia kwamba mwaka ule yalipanda kidogo. Hatudai kuwa ni sababu yetu. Hatukatai pia.

TULIOJIFUNZA KWAO

Watu wa magazeti hutuuliza, "Mmeathiriwa na nani?" Nasi hutaja zile kanda za mjomba, na Waingereza waliozitangulia. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Huandika pia kwamba kasi yetu inatokana na hasira ya vijana. Si hasira. Ni ng'ombe. Habbo hufunga kazi ya umeme mchana, Jelto hurudisha lori, mimi huamka usingizi wa mchana wa waokaji, na Wiebke humaliza kulisha ndama saa kumi. Saa kumi na moja jioni ng'ombe sabini husimama langoni wakilia. Katikati ya hapo ndipo tulipokuwa na bendi. Kila wimbo tuliokuwa nao ulipaswa kuingia humo, na kila wimbo mpya uliwasukuma wenzake wabanane. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga hawakumjua Bwana Tjarks akiwa amesimama mlangoni na saa mkononi.

Na ngoma? Wanaomsikia Wiebke huuliza alisoma chuo gani. Alisoma kwenye mashine yako ya kukamulia. Tangu ana miaka sita alikuwa akisimama kwenye zizi alfajiri na jioni, akisikia mashine ile ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia, haichoki wala haikimbii. Ule mpigo ameubeba mwilini. Akipiga haraka mara mbili, au mara nne, chini yake mashine inaendelea palepale. Wapiga ngoma wengi wana kasi. Wachache hawapotei. Wa kwetu hapotei, na hilo ni malezi yako na ya Mama Gesine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa tutajisifu, maana hata mcheza kwao hutuzwa.

Shoo yetu ya kwanza, mji wa jirani, tulipewa dakika arobaini. Kwa mazoea tulimaliza mapema mno, tukainama, tukaondoka. Watu wakadhani ni mapumziko wakaenda kununua bia. Waliporudi, sisi tulikuwa barabarani na Wiebke anaendesha. Lakini waliuliza majina yetu, na mwaka uliofuata walituita tena.

Leo tunazindua rasmi hapa nyumbani albamu yetu ya kwanza, Kabla ya Saa Kumi na Moja, ambayo huko nje imeshaanza kuuzwa. Tuliirekodi wenyewe Februari hii katika banda lako, baridi ikiwa kali hadi nyuzi za gitaa zinakatika na mvuke unanitoka mdomoni kama chungu cha viazi. Habbo alitandika magunia ukutani. Mwanzoni mwa wimbo wa pili, pale penye ukimya, kuna ng'ombe wako anayeitwa Elsbeth. Hatukumwalika. Aliingia kwa wakati wake na kwa sauti inayofaa, tukamwacha.

Kuna sauti nyingine ambayo hatukuiomba ruhusa, na leo tunaungama. Mwisho kabisa wa wimbo wa mwisho, gitaa likiwa bado linaunguruma, mlango unafunguliwa na mtu anapaza sauti: "Wiebke! Saa!"

Ndiyo, Mzee. Ni wewe.

Tulitaka kuifuta. Lakini kila tulipoifuta, wimbo ulikuwa hauna mwisho. Albamu ilipoanza kuzunguka, nakala za kwanza ziliisha, tukaagiza nyingine, nazo zikaisha. Mwezi wa tano tulipiga Hamburg, ukumbi umejaa hadi ngazini. Tulipofika wimbo wa mwisho tukanyamaza, na watu wote wale, ambao hawajawahi kushika chuchu ya ng'ombe, wakapaza sauti kwa pamoja: "Wiebke! Saa!" Wiebke alicheka hadi kijiti kikamponyoka. Kisha akajifuta machozi kwa shati. Hayo ya pili hajatueleza, nasi hatukumuuliza.

Na sasa kubwa kuliko yote. Bendi moja ya wakubwa zetu, mojawapo ya zile zilizokuwamo ndani ya sanduku la mjomba, inafanya ziara mwezi wa Oktoba, kutoka Hamburg hadi Wrocław. Wametutaka sisi tuwafungulie jukwaa kila siku, kwa wiki tatu. Hakuna bendi ya huku kwetu Ufrisia Mashariki yenye umri wetu iliyowahi kuitwa hivyo. Jelto alipopokea simu alisimamisha lori katikati ya daraja.

CHANGAMOTO

Changamoto zipo. Panya wanapenda nyaya zetu. Paa linavuja juu ya Habbo peke yake, naye anasema ni njama. Tukiwasha spika zetu wakati mashine ya kukamulia inafanya kazi, fyuzi inakatika, na mtu inambidi achague kimoja.

Hizo ndizo changamoto tulizokubaliana na Wiebke kuziandika. Ukurasa unaofuata hajauona. Wiebke, kaa chini. Tunajua ulisema, "Baba yangu msimguse mbele za watu." Hatumgusi. Tunamwomba.

Mgeni rasmi, mwezi wa sita tulikuja kwako, jikoni, kuzungumza juu ya Oktoba. Mama Gesine alitumiminia chai, sukari ya mawe ikalia kikombeni, krimu ikapanda. Jelto ndiye aliyesema.

"Wiki tatu?" ukauliza.

"Wiki tatu, Mzee."

"Na ng'ombe nao? Waje kuimba?"

"Tumefikiria watu wa kusaidia..."

"Ng'ombe hawajui Oktoba. Hawajui Ijumaa." Kisha ukamtazama binti yako. "Anayetaka kwenda, aende. Ila akienda, asirudi hapa kuniuliza habari za zizi."

Ukaweka kijiko ndani ya kikombe.

"Onno!" akasema Mama Gesine. "Hicho ni cha kwanza!"

"Kimenitosha."

Nani hapa asiyejua kwamba kijiko kikombeni ni kusema basi, na kwamba kwetu anayeishia kabla ya kikombe cha tatu amekasirika? Tuliaga. Wiebke alitusindikiza hadi lorini, akasema, "Tafuteni mpiga ngoma mwingine." Hatujatafuta. Hatutatafuta. Tangu siku hiyo anapiga kila jioni na anakamua kila jioni, na hazungumzi nawe, na wewe, tumesikia, huzungumzi naye. Nyumba ya watu watatu yenye mashine moja inayosema.

Hatukukaa bure, Mzee. Kiangazi chote tulikuja zizini mmoja mmoja, ukatuona, ukadhani tumekuja kumwona Wiebke. Tulikuja kujifunza tunachokiomba. Habbo alipigwa teke la paja akachechemea wiki nzima. Jelto ulimwambia, "Wewe unamshika ng'ombe kama unafungua chupa ya bia," kisha ukamsogeza kwa bega ukamwonyesha. Mama Foelke Janssen, aliyeuza ng'ombe wake mwaka juzi na hadi leo huamka kabla ya jogoo bila kazi ya kufanya, amesema yeye atakuja alfajiri zote. Tulipomwuliza kama hatachoka, alitujibu, "Nichoke? Mikono inaniwasha, watoto wangu." Jioni watakuja vijana wa zimamoto kwa zamu, na Kamanda amesema atakayechelewa atamkabidhi kwa Mama Foelke.

Kwa hiyo ng'ombe si tatizo tena. Nasi tumeelewa kwamba pengine hawakuwa tatizo tangu mwanzo.

Tunalisema hili tukiwa tumesimama wima. Eilert, kaka yake Wiebke, alikwenda Bremen kwa kazi ya msimu mmoja tu. Nawe siku ile ulimwambia maneno haya haya, kwenye meza ile ile. Tulikwenda kumpelekea albamu. Aliishika, akatazama picha ya banda iliyo juu yake, akauliza kama mlango wake bado unakwama. Tukamwuliza kwa nini haji kuuona. Akasema, "Baba alinikataza." Mgeni rasmi, wewe ulisema kwa hasira ya asubuhi moja, naye ameitii miaka minane. Wiebke ni dada yake. Na yeye ni mtii.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba vigae viwili vya paa, kwa ajili ya amani ya Habbo.

Tunaomba Habbo aruhusiwe kutenganisha waya wa banda na waya wa zizi, bure, ili pasiwe na mtu wa kuchagua tena.

La mwisho. Umekuja hapa ukidhani tutakuomba umruhusu Wiebke aende. Hapana. Ana miaka ishirini na mitatu, ana leseni, ana vijiti vyake, kwenda anajua. Pia hatukuombi usimamie zizi peke yako, maana watu wapo. Tunakuomba kitu ambacho sisi watatu, hata tukipiga kwa kasi gani, hatuwezi kumpa, wala Hamburg, wala Wrocław. Tunakuomba umruhusu arudi.

HITIMISHO

Ng'ombe wako wazae salama na ndama wao wasimame siku ile ile. Nyonga yako ikubebe hadi uchoke wewe, si yenyewe. Mama Gesine asikose mtu wa kummiminia chai, kutoka Bremen wala kutoka jukwaani. Na nyasi za mwaka huu ziingie ghalani zikiwa kavu.

Ngoma zimepangwa, spika zimewashwa, na Wiebke bado amesimama pale mlangoni, hajakaa kwenye kiti chake. Sisi tumemaliza kusoma. Maikrofoni ni yako, Mzee, na neno la kumwambia ni moja tu.

Ni sisi wanao wa banda la viazi,
Tomma Harms, Habbo Reents na Jelto Ubben,
kwa niaba yetu na kwa niaba ya Wiebke Tjarks, ambaye hakututuma,
SCHLICKHAMMER, WESTERLOHFEHN