Maisha ya Mama Tarehe, Aliyeanzisha Stoo ya Chakula Nyuma ya Ukumbi

Marehemu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kugeuza makopo. Ungemkaribisha sebuleni, akaomba maji, akainuka kwenda kuyachukua mwenyewe, kisha ukasikia rafu yako ya jikoni ikigongagonga. Anageuza kopo, analisogeza kwenye mwanga wa dirisha, anasoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Aliyageuza ya wakwe zake siku ya kwanza alipopelekwa kuwasalimu, mpaka wifi yake mkubwa akauliza kwa sauti, "Huyu amekuja kuolewa au amekuja kukagua?" Jina la Mama Tarehe lilimpata hivyo, na likalifunika lile alilopewa na wazazi wake kiasi kwamba hata kliniki muuguzi alimwita kwa jina hilo, naye akaitika.

Wiki hii watu wengi wamefika nyumbani kuipa familia pole, na wengi wamesema marehemu alikuwa mtu mpole. Familia inawashukuru kwa kufika. Lakini hakuwa mpole. Alikuwa mtu mwenye hasira, hasira ya muda mrefu inayofanya kazi kila siku kama pasi ya mkaa, na wasifu huu ukimpamba kwa upole utakuwa unamsingizia. Binti yake wa kwanza, aliyeuandika, aliombwa na baadhi ya wajumbe wa kamati ya ukumbi wa mtaa aandike maneno laini. Alijaribu. Hayakutoka.

Alizaliwa tarehe 11 Aprili 1952, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi wa kiwanda cha mbao na mama aliyefua nguo za watu. Walikaa vyumba viwili, na ukuta wa chumba cha kulala ulipakana na mashine ya kupasulia magogo. Watoto wote wa nyumba ile walijifunza kuzungumza wakishindana na msumeno, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyejua kunong'ona. Walioketi naye vikaoni watakumbuka.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1960. Mwaka uliofuata vumbi la mbao liliharibu mapafu ya baba yake, na mshahara ukakatika. Pale shuleni watoto walipewa uji saa ya mapumziko. Wale ambao wazazi wao hawakuweza kuulipia walikunywa mwisho, katika vikombe vya bati vilivyopakwa rangi nyekundu ukingoni ili visichanganyike na vya wenzao. Marehemu alinywea kikombe chekundu mpaka alipomaliza darasa la saba. Hakuwahi kulalamikia uji. "Ulikuwa uleule," alikuwa akisema. "Sufuria moja, upawa mmoja. Iliyokuwa chungu ni rangi." Siku moja alimuuliza mwalimu wa zamu kwa nini vikombe vimepakwa, na mwalimu akamjibu bila ubaya wowote kwamba ni kwa ajili ya kurahisisha hesabu. Mtu akitaka kumwona marehemu akigeuka sura, alimkumbusha jibu hilo tu.

Ada ya sekondari haikupatikana. Mwaka 1971 aliajiriwa katika ghala la vyakula vya jumla kama mfungaji wa maboksi, akasomea utunzaji wa stoo jioni, na akapanda mpaka kuwa mtunza stoo mkuu, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2006. Kanuni ya kazi ile ni moja: kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Kilichomkera ni yale makopo na mifuko iliyobakiza wiki chache. Ilipelekwa nyuma ya ghala, ikatupwa shimoni, ikamwagiwa mafuta ya taa ili mtu asije kuifukua. Alikuwa akisimama ukingoni mwa shimo lile mikono kiunoni.

"Bosi, hicho chakula kingali kizima."

"Mama, ndio utaratibu."

"Utaratibu wa nani?"

Meneja hakujua ni wa nani. Marehemu alimwuliza tena wiki iliyofuata, na nyingine, mlangoni, ofisini, hata msibani kwa shemeji yake meneja. Mwishowe yule bwana akamwambia, "Chukua basi, unipishe nipumue." Maneno hayo ndiyo yaliyoanzisha stoo ya chakula ya mtaa huu. Hakukuwa na hotuba wala utepe.

Alikuwa ameolewa tangu mwaka 1975 na dereva wa lori wa ghala hilohilo. Dereva huyo alimposa kwa njia yake. Kila akileta mzigo alidai kuna gunia haelewi limeingiaje, "Dada, hebu hesabu tena," na mzigo ukahesabiwa upya mpaka wapakuaji wakachoka wakamwambia aseme analotaka kusema. Walijaliwa watoto watatu. Stoo ilipopata chumba mwaka 1993, kile kilichokuwa cha kuwekea viti nyuma ya ukumbi, ni mumewe aliyepigilia rafu. Moja aliipigilia mshazari, na marehemu alimtania kwayo mpaka mume huyo alipofariki mwaka 2011. Baada ya hapo hakuruhusu mtu airekebishe.

Inafaa kueleza jinsi stoo ile ilivyoendeshwa, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likigombewa. Marehemu hakutaka mtu apewe mfuko uliokwishafungwa. Alipanga vyakula kama dukani, akaweka vikapu mlangoni, na kila aliyefika Jumamosi aliitwa mteja. Mteja alichukua kikapu, akapita, akachagua: huyu hapendi dengu, yule ana mtoto mchanga, mwingine hana mafuta ya kupikia kwa hiyo anataka vya kuchemsha. Mlango ulirudishwa mtu akiwa ndani. Waliojitolea naye walifundishwa jambo moja kabla ya kuonyeshwa mizani: ukikutana na mteja barabarani, msalimie kama ulivyomsalimia kabla hajawa mteja.

Vitu vilitoka kwa watu wadogo. Mwenye tanuri la mikate alileta mikate aliyooka asubuhi ileile, kwa sababu siku aliyoleta ya jana alirudishiwa. Dada wa saluni alileta mche wa sabuni. Mjane mmoja wa jirani alileta pakiti ya chumvi kila Jumamosi, miaka nenda rudi, akaiweka kwenye rafu, na marehemu alimpa mkono kwa namna ileile aliyompa meneja. Binti yake alimuuliza wakati fulani chumvi yote ile ni ya nini. "Wewe umeshawahi kupika bila chumvi?" akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kisha kamati ya ukumbi ikapata mwenyekiti mpya. Yupo hapa leo, safu ya mbele, na familia inatambua shada la maua aliloleta. Mwenyekiti alimpata mfadhili mkubwa, na lori la mfadhili lilifika limevishwa bango ubavuni. Marehemu alipanda nyuma ya lori kwa umri wake ule, akageuza makopo, akakuta maboksi mengi yamepitwa na tarehe. Akaagiza yasishushwe.

"Mama, unatuaibisha," mwenyekiti akamwambia. "Mwenye shida hachagui."

"Ndiyo maana nimemwekea rafu, achague."

"Lakini hawa ni watu wakubwa."

"Basi wale wao."

Mwenyekiti hakulisahau hilo. Alipaka mlango rangi mpya na kuandikisha juu yake kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Marehemu aliyasoma yale maandishi taratibu, akasema, "Kutoa ni moyo, sawa. Na kupokea, kumbe ni kukatwa maini."

Alilitabiri lililofuata. Jumamosi moja, alipokuwa amelazimika kwenda kliniki kwa ajili ya moyo wake uliokuwa umeanza kupanuka, mfadhili alirudi na mpiga picha. Vikapu viliondolewa. Wateja walipangwa mstari uani, kila mmoja akapewa mfuko uliofungwa wenye nembo, akaambiwa aunyanyue kifuani na atazame mbele. Aliyekataa kupigwa picha hakupata mfuko. Wengi walikuwa wameacha watoto nyumbani hawajala, wakanyanyua.

Miongoni mwao alikuwemo fundi viatu wa pale kwenye kona ya posta, ambaye wengi wenu mnamfahamu. Picha yake ilizunguka kwenye simu mtaa mzima, kisha ikabandikwa kwenye ubao wa ukumbi, kubwa, na jina la mfadhili chini yake. Bintiye akaitwa Mfuko darasani. Fundi hakukanyaga tena stoo. Marehemu alimfuata kibandani kwake na unga na maharage, naye akavirudisha kwa adabu. "Mama yangu, nikila hiki leo, kesho nitakuwa ukutani tena."

Marehemu alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akachukua wembe na kukata mshono wa kiatu chake kizima. Kesho yake akakipeleka kwa fundi, akamwambia hana fedha, atalipa kwa unga. Fundi akashona, akapokea. Wiki iliyofuata akapeleka cha pili.

"Mama, hiki kiatu kimekatwa na wembe."

"Panya wa siku hizi wana meno makali."

"Na mara hii panya amekata mstari umenyooka."

"Huyo amesoma. Shona, baba, nina safari."

Wakaendelea hivyo, viatu vya marehemu, vya jirani, hata vya mumewe vilivyobaki kabatini, na hakuna kati yao aliyewahi kulitaja jambo lenyewe. Watu wamecheka kisa hiki wiki nzima kule nyumbani, na kweli kinachekesha. Binti wa marehemu anapokifikiria akiwa peke yake hacheki. Anamwona mama wa miaka sabini, pumzi zimembana, ameinama chini ya taa akiharibu vitu vyake vizima, ili mtu aweze kula bila kuvuliwa heshima. Na yote hayo kwa sababu mtu mwingine alitaka picha.

Marehemu aliingia kwenye kikao cha kamati na kudai picha zote zibanduliwe. Aliambiwa wafadhili wanahitaji ushahidi. Akauliza kama njaa ya mtu haitoshi kuwa ushahidi. Akaambiwa apunguze sauti. Usiku huohuo hakusubiri kikao kingine. Alifika ukumbini na patasi ya marehemu mumewe, akazibandua mwenyewe, na asubuhi akampelekea mwenyekiti misumari ya picha hizo ikiwa imefungwa kwenye karatasi, ili asije akasema imeibwa.

Mwezi Agosti mwaka huu miguu ilianza kuvimba. Aliendelea kufika stoo, ila sasa akiwa ameketi kwenye kigoda kando ya rafu ya mshazari, akielekeza kwa kidole. Mwishoni mwa Septemba alilazwa. Madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake walimhudumia kwa moyo, na familia inawashukuru kwa dhati. Waliomba tu aache kukagua maboksi ya maziwa ya wagonjwa wenzake.

Wiki iliyopita mwenyekiti alikwenda kumwona. Alibeba kikapu cha matunda, na nyuma yake akafuata mpiga picha. Aliketi kitandani, akamshika marehemu mkono, akageuza uso kuielekea kamera. Marehemu hakuwa na nguvu ya kuutoa mkono wake. Akatumia ule mwingine kuvuta shuka, akajifunika uso kabisa, akatulia kimya. Muuguzi aliyekuwa akipita alikuja mbio akidhani amekata roho. Mpiga picha alishusha kamera, akatoka, na katika mkasa mzima huo ndiye pekee aliyeona haya. Baada ya muda sauti ikatoka chini ya shuka: "Ameshaondoka?"

Mama Tarehe alifariki dunia mchana wa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, moyo wake uliposhindwa. Ameacha mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, wakwe, wajukuu saba, dada yake mdogo ambaye naye hajui kunong'ona, wifi yake mkubwa ambaye tangu siku ile ya kukaguliwa alikuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, wanaojitolea wote wa stoo, na wateja wake. Wateja wapo hapa leo. Familia inaomba mtu yeyote asiwatafute kwa macho. Mwenyezi Mungu ampokee mja wake na kumpumzisha mahali pasipo foleni.

Leo ni Ijumaa. Mwenyekiti ametangaza kwamba kesho stoo itafunguliwa kwa hafla ya kumuenzi marehemu, kwamba mfadhili atakuwepo, na kwamba picha zitapigwa. Jana alifika nyumbani kuomba ufunguo. Binti wa marehemu alimwambia kwamba atajibiwa leo, mbele ya watu wote, na jibu lenyewe si la binti.

Jumatatu jioni binti huyo alikuwa ameketi kando ya kitanda, akimpaka mama yake mafuta miguuni. Mama alikuwa amefumba macho, binti akadhani amesinzia. Marehemu akafungua macho na kuzungumza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ananong'ona, kwa kuwa pumzi hazikutosha kwa sauti:

"Mwenyekiti akikuomba ufunguo, mwambie umepotea. Halafu Jumamosi nenda ukafungue."