Bi Chaji Anakabidhi Chumba cha Betri

Anastaafu kweli! Safari hii ametia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na karatasi nimeiona kwa macho yangu. Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, fundi mkuu wa betri wa hospitali yetu, yule mnayemwita Bi Chaji, anakabidhi funguo na kurudi nyumbani. Haya sasa, habari zenu wafanyakazi wote, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku.

Najua mnacheka. Mnaambiana, "Bibi wa Chai katangaza tena." Ni kweli, hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilikodi viti. Mara ya pili nikaalika hadi watu niliokosana nao. Mara zote mbili mwenye sherehe alikuwa kazini, kavaa ovaroli. Debe tupu haliachi kuvuma, na mtaani kwetu debe hilo wanalijua kwa jina. Lakini wenye jarida hili walipotafuta mtu aliyefanya kazi na mstaafu kwa muda mrefu, walinijia mimi niliyepika chai na kufagia korido za hapa mpaka magoti yakagoma. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na kabla ya hapo nilimzaa. Nani atanishinda?

Bi Chaji alianza kama msaidizi wa fundi umeme, msichana pekee katika karakana nzima. Siku hizo betri zilikuwa na vifuniko. Unafungua, unavuta maji ya tindikali kwa kipimo cha kioo, unajua imejaa au bado. Matone ya tindikali yalimtoboa kila sketi aliyokuwa nayo. Mimi niliwaambia majirani kwamba ndiyo mitindo mipya, na wawili kati yao walizitoboa za kwao.

Kisha zikaja hizi zilizozibwa pande zote, hazina pa kuchungulia. Hapo ndipo wengi walipopotea. Betri iliyozibwa ni kama mgeni mwenye haya: haikuambii kama imeshiba. Mimi nilikuwa na mbinu zangu. Niliigonga kwa kidole kama tikiti maji. Niliinyanyua pia, maana niliamini iliyojaa lazima iwe nzito zaidi, na jambo hilo nilimweleza hata daktari, kwa kujiamini kabisa. Bi Chaji alinivuta pembeni.

"Mama, umeme hauna kilo."

Namna yake yeye aliifundisha kwa kila aliyetaka kusikia, na kwangu mimi nisiyetaka. Ukiiunganisha kwenye chaja, tazama umeme unaoingia. Mwanzoni betri inakula kwa pupa. Kadiri inavyojaa inapunguza, inapunguza, mpaka inabaki kudonoa tu kama kuku aliyeshiba. Ikidonoa hivyo na isipungue tena, imekaribia. Lakini usiamini bado! Itoe kwenye chaja, usiiwashie kitu chochote, iache ilale mpaka asubuhi, ndipo uipime kwa mita. Ikisoma volti kumi na mbili nukta nane au zaidi kidogo, hiyo imejaa. Ukiipima punde tu ilipotoka kwenye chaja, itakudanganya mchana kweupe.

Na taa ya kijani ya chaja je? Ah, hiyo niulizeni mimi. Kijana wa jirani yangu alipohitimu chuo, spika za sherehe zilikosa betri, nikajitolea ya nyumbani kwangu. Taa ilipogeuka kijani tu nikaichomoa hapo hapo, nikaisukuma kwenye mkokoteni, njia nzima nikitangaza kwamba hii imetoka nyumba ya fundi. Pale ukumbini nikaomba kipaza sauti kidogo tu, nimsifu mhitimu. Nikamsifu binti yangu. Nilikuwa nimefika alipokuwa darasa la nne wakati spika zilipokoroma mara moja na kunyamaza kimya. Watu walipiga makofi. Mpaka leo sijajua walikuwa wakishangilia nini. Bi Chaji alikuja kuibeba betri yake, akaninong'oneza, "Mama, yenyewe ilikuwa bado. Uliyejaa ni wewe."

Basi, sherehe ikikosa sauti watu wanaimba kwa vinywa. Hospitali haina bahati hiyo. Umeme unapokatika kuna muda mfupi kabla jenereta haijaamka, na katika muda huo mwanga wote wa chumba cha upasuaji unatoka kwenye betri za chumba chake Bi Chaji. Mtu amelala pale, tumbo wazi, daktari kashika uzi. Katika miaka yake yote mwanga huo haujazimika hata mara moja. Someni tena sentensi hiyo, halafu mkumbuke ni mtoto wa nani.

Na ndiyo sababu alikataa kuondoka mara mbili. Kila aliyeletwa kurithi kile chumba alitazama taa ya kijani akasema imejaa. Akamrudisha mmoja, akamrudisha wa pili, akaomba aongezewe muda. Nilimpigia kelele: "Nina miaka sabini na minane! Unataka ukija kukaa na mimi nikuoneshe kaburi?"

Akanijibu, "Mama, yule aliyelala mezani hajui kama mimi nimestaafu."

Nilinuna wiki nzima, na viti nilikuwa nimeshavilipia.

Mwezi uliopita akaletwa fundi mwingine kutoka karakana ya magari, mama wa watoto watatu, mnamwita Taratibu. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea binti yangu chakula, kwa hiyo niliyaona yote. Bi Chaji aliweka betri mbili mezani, akazipima mbele yetu. Mita ikasoma sawasawa kwa zote mbili, kumi na mbili nukta nane. Akauliza, "Ipi imejaa?"

Nilijibu mimi, ambaye sikuulizwa. Nilinyanyua moja, nikanyanyua ya pili, nikasema ya kulia. Bi Chaji akafumba macho kidogo, kama mtu anayeomba subira.

Taratibu hakugusa kitu. Aliuliza, "Zimetoka lini kwenye chaja?"

"Hii ya kushoto imelala tangu jana. Hii ya kulia nimeichomoa sasa hivi."

"Basi ya kushoto imejaa, dada. Hii nyingine sijui. Niulize kesho."

Kati ya waliomtangulia kuja kurithi chumba kile, yaani wale wawili, na mimi wa tatu kwa kujipachika, hakuna aliyewahi kusema "sijui." Asubuhi yake ile ya kulia ilikuwa imeshuka mpaka kumi na mbili nukta nne. Mchana Bi Chaji alimpa Taratibu ufunguo wa akiba aingie peke yake. Wiki nzima hakumfuata nyuma. Jioni ya Ijumaa akaingia nyumbani, akavua viatu mlangoni, akasema, "Mama, nimesaini." Mimi nilikaa chini kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, nikanyoosha mkono nioneshwe karatasi.

Kwa niaba ya karakana, wodi zote na jiko la chai, tunakushukuru Bi Chaji kwa kazi uliyoifanya bila kelele. Kelele nilizipiga mimi kwa niaba yako. Taratibu, mwanangu mwingine, chumba ni chako, usimwamini mtu anayenyanyua betri. Na wewe mstaafu, afya ikukae mwilini, usingizi wako usikatwe na king'ora, na siku zako zilizobaki ziwe ndefu kuliko zamu zako.

Sherehe ni Jumamosi, tarehe mbili mwezi ujao, kuanzia saa nne asubuhi, uani kwangu. Viti vipo, na safari hii mwenyewe atakuwepo. Jumapili msije, hata kusalimia, maana Jumapili ni yetu wawili, na nimeisubiri miaka thelathini na sita. Ninyi wote, hata mliokosana nami, njooni Jumamosi.