Cherehani Saba za Breki

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu, na kila asubuhi lilikaliwa na watu walewale. Fundi viatu, aliyeitwa Soli, alikaa karibu na nyundo yake. Profesa, karani mstaafu aliyesoma magazeti ya kufungia bidhaa na kuamini kila kilichoandikwa humo, alikaa katikati. Birika, muuza kahawa, hakukaa kamwe. Alimimina huku akibisha. Ncha ya mwisho ilikuwa ya Breki, aliyetengeneza breki za malori miaka thelathini na nane akastaafu na vidole vyote kumi, jambo ambalo hakuna mgeni aliyekosa kuambiwa. Asubuhi hiyo Breki alifika amenywea kama tairi lililochomwa msumari. Akapewa kikombe, akakishika tu.

– Uso huo umeutoa wapi? aliuliza Soli.

– Nyumbani.

– Mama watoto?

– Kasema ikifika Ijumaa chumba kiwe wazi. Binti yetu anakuja na mtoto mchanga. Cherehani moja ibaki, sita zitoke.

Birika aliacha kumimina. Zile cherehani mtaa mzima ulizijua. Breki alianza na moja, wiki ya kwanza ya kustaafu, akaja nayo begani kama mtu aliyembeba mgonjwa. Ikafuata ya pili, ya tatu, na sasa zilikuwa saba katika chumba cha binti yake: tatu za mkono, nne za miguu, kuukuu kuliko yeye, nyeusi zenye maua ya dhahabu shingoni. Hakuuza hata moja. Wala hakuwahi kumshonea mtu hata leso.

– Haba na haba hujaza kibaba, alisema Birika. Wewe umejaza chumba.

– Si mahali pake methali hiyo, alisema Profesa.

– Mahali pake ni wapi tena, kama chumba kimejaa?

– Sikilizeni, alisema Soli. Abakishe ile nzito kuliko zote. Kitu kizito hakiibiwi.

– Wewe unaitaka hiyo ikushonee ngozi, alisema Breki.

– Nimesema abakishe. Akiniazima, hiyo ni hiari yake.

Profesa alikunja gazeti. Akikunja gazeti, jueni maji yamezidi unga.

– Ninyi mnaongea juujuu. Mnajua ndani ya cherehani za zamani kuna nini? Zebaki nyekundu. Tone moja tu linaendesha meli mwaka mzima. Breki anajua. Ndiyo maana hauzi.

– Nimezifungua zote saba, alisema Breki. Ndani kuna vumbi na mafuta yaliyoganda. Moja niliikuta na kifungo cha shati.

– Ulitegemea zebaki ikupungie mkono?

– Mimi siko huko kwenye zebaki, alisema Birika. Nasema hivi: cherehani ikikaa bila kazi hujitafutia kazi yenyewe. Jumapili suruali yangu ilipasuka hapa nyuma. Jumatatu nikaikuta nzima! Na nyumba yangu imepakana na ya Breki.

– Mkeo aliishona, alisema Soli.

– Mke wangu? Mke wangu hajui kushona hata mdomo.

Walicheka mpaka Soli akaweka nyundo chini. Breki naye alitaka kucheka, akainamia kikombe chake.

– Chekeni tu, alisema Profesa. Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo imeshonwa na nini? Cherehani! Kila mtu aliyeshonewa, kiuno chake na mabega yake vimebaki ndani ya ile mashine. Mwenye cherehani saba za zamani ana vipimo vya nchi nzima. Siku adui akizipata, hana haja ya bunduki. Atatushonea nguo za kubana, tushindwe kukimbia.

– Basi! alisema Breki.

Hakupiga kelele, lakini kahawa ilimwagika kidogo juu ya goti lake, na hakuifuta.

– Nimetengeneza breki miaka thelathini na nane. Breki nzuri ni ile ambayo dereva hana habari nayo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi gereji kuniambia, fundi, leo nimesimama vizuri. Wanarudi wakigonga. Nilipostaafu nilikaa nyumbani siku sita, mikono inaniwasha. Siku ya saba nikaikuta ile ya kwanza imetupwa nyuma ya stoo ya shule, gurudumu limekwama, haizunguki. Nikaipangusa. Nikaona ina vitundu vidogo mwilini, kumi na kimoja. Mnajua ni vya nini?

Birika alisogea karibu, birika mkononi.

– Vya mafuta. Kila kitundu, tone moja. Aliyeiunda, Mungu amrehemu popote alipo, alikaa akawaza: hapa chuma kitasuguana na chuma, kuna mtu atakuja kuipa tone. Alinifikiria kabla sijazaliwa! Basi nikatia. Wiki mbili natia, nasubiri, natia. Siku ya kumi na tano gurudumu likazunguka. Tiki-tiki-tiki, kama mtu anayecheka peke yake. Sasa nichague ipi ibaki? Mimi ndiye niliyeziamsha zote.

Soli alipokea kikombe cha Breki, akakifuta, akamrudishia mkononi.

– Basi zibaki zote, alisema taratibu. Mjukuu atalala sebuleni.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Birika.

– Nipone wapi? alisema Breki. Mama watoto atanitoa roho.

– Abakishe tatu, alisema Profesa, tatu ni wastani.

– Wastani wa nini?

Wakaanza upya, kila mmoja na idadi yake. Kwenye kigoda cha Soli alikuwa amekaa mwanamke mmoja, mgeni mtaani, akisubiri kandambili yake iliyokatika mkanda. Alikuwa ameyasikia yote.

– Samahani wazee wangu. Mimi mgeni, nauliza tu. Huyo mama mwenyewe anaipenda ipi?

Birika alichungulia ndani ya birika. Profesa alifungua gazeti juu chini. Soli aligongelea msumari ambao ulikwisha kuingia.

Breki alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe. *Usiguse, mama watoto, hiyo nimeshairekebisha. Usiguse, uzi umekaa sawa.* Miaka minne. Akaweka kikombe kwenye ubao, akaondoka bila kuaga.

Alimkuta mkewe chumbani kwa binti, kasimama katikati ya zile mashine na shuka mkononi, akipima kwa macho pa kuweka kitanda.

– Mama watoto. Kati ya hizi, unaipenda ipi?

Mkewe alimtazama kuona kama anamtania.

– Nitajuaje? Sijawahi kugusa hata moja.

Breki akavuta kigoda.

– Kaa hapa.

Akamwonyesha njia ya uzi, kutoka juu, chini ya ndoano, mpaka kwenye tundu la sindano. Mara ya kwanza mama alikanyaga vibaya, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Mara ya pili vilevile. Breki akajizuia kunyoosha mkono.

– Kisigino kwanza, alisema. Halafu vidole. Mimi siigusi.

Mara ya tatu ikaenda. Tiki-tiki-tiki. Mama watoto akaanza kucheka, akashindwa kunyamaza. Wakachana shuka kuukuu vipande vya kumfunikia mtoto, akashona pindo la kwanza, limepinda kama njia ya mbuzi. Akahamia mashine ya pili, akahamia ya tatu. Kufikia alasiri kulikuwa na shuka saba ndogo juu ya kiti, na ile ya saba pindo lake lilikuwa limenyooka.

– Haya, alisema Breki. Niambie ipi ibaki. Nikawaite wenzangu waje kubeba nyingine.

Mkewe aliweka kiganja juu ya moja, akakihamishia kwa nyingine.

– Hii ya mkono ina adabu. Ile ya miguu inaniachia mikono miwili. Na ile ya dirishani... ngoja kwanza, ile bado sijaielewa.

– Ijumaa ni keshokutwa, mama watoto. Na mtoto je?

Mkewe alikuwa ameshaanza kutunga uzi.

– Kwani mtoto mwenyewe ana ukubwa gani hata akose nafasi?