Kifurushi Kisicholijua Jicho

KOBE: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

CHAPCHAP: Mimi, shemeji. Chapchap.

KOBE: Namba ngeni hii. Simu yako iko wapi?

CHAPCHAP: Wafanyakazi wameipondaponda. Hii ya mlinzi, na salio lake ni la machozi. Shemeji—

KOBE: Salamu kwanza, bwana. Tangu ukalie kiti changu hapo kiwandani hujanitafuta. Dada yangu, mkeo, hajambo?

CHAPCHAP: Nisikilize. Mashine ya kukatia makaratasi imemshika mtu.

KOBE: Imemshika vipi?

CHAPCHAP: Kibano. Kimemshukia mkono, hapa chini ya kiwiko, na hakipandi. Kisu bado kiko juu.

KOBE: Usizime umeme!

CHAPCHAP: Ndicho wanachotaka, na swichi kubwa iko humu—

KOBE: Usizime, nakwambia! Umeme ndio unaokishikilia kile kisu. Ukikata tu, mkono umekwenda.

CHAPCHAP: Najua. Nimejifungia humu chumba cha kompyuta. (kishindo) Unasikia? Wanagonga mlango kwa nondo. Wamenipasua kichwa, damu inashuka usoni, kibodi yenyewe inateleza.

KOBE: Na lile jicho? Lile la taa nyekundu? Si likiona mkono kibano husimama?

CHAPCHAP: Haliwaki.

KOBE: Chapchap. Umefanya nini?

CHAPCHAP: Asubuhi niliweka programu mpya. Kifurushi cha watengenezaji wenyewe, shemeji. Kimefungwa, kimepimwa, unakiweka kinakaa. Kabla chai haijapoa—

KOBE: Kimepimwa kwa jicho lao! Lao lilikufa. Lililopo nililing'oa mimi kwenye mlango wa lifti mbovu, nikalifunga kwa mikono yangu. Kifurushi hakilijui! Unadhani kwa nini nilichukua chanzo, msimbo wote kama ulivyoandikwa, nikaongeza mistari ya jicho letu, nikaijenga programu upya? Nilikuwa nacheza bao?

CHAPCHAP: Meneja alisema unapoteza—

KOBE: "Kobe anapika mawe." Nani alianzisha utani ule?

CHAPCHAP: (mkwaruzo) ...mimi. Mimi, shemeji. Nitukane kesho, nitukane mpaka ukauke koo. Leo nitoe!

SAUTI YA NJE: Toka, muuaji! Toka tukuonyeshe!

KOBE: Haya. Irudishe programu yangu.

CHAPCHAP: Folda yako nimeifuta.

KOBE: Umefanyaje?

CHAPCHAP: Kompyuta ilikuwa imejaa. Nikaona misimbo tu, makorokoro ya Kobe...

KOBE: Mwana wa— (anapumua) Nakala ya chanzo ninayo hapa nyumbani. Lakini niitume, uijenge upya, hiyo kazi si ya—

CHAPCHAP: Hana muda huo! Vidole vimeshakuwa vya bluu. Mwenzake amemkumbatia kiuno asianguke. Akianguka, mkono utachanika begani.

KOBE: Ngoja. Ngoja kwanza. Umefuta unga. Mkate je? Ile programu iliyokwisha kujengwa, umeigusa?

CHAPCHAP: Hata sijui iko wapi.

KOBE: Kifurushi kikija hukaa sebuleni, na vifurushi vingine. Ninachojenga mwenyewe sikiweki sebuleni wageni wakikanyage. Nakiweka chumba cha uani, folda ya lokali. Kifurushi hakina ruhusa ya kuingia humo. Tazama.

CHAPCHAP: (chuma kwa chuma) Lokali... lokali... Ipo! Ipo, shemeji! Imekaa kama bibi harusi!

KOBE: Nani analia huko?

CHAPCHAP: Endelea.

KOBE: Nimeuliza nani—

CHAPCHAP: Endelea, nakuomba! Bawaba ya juu imeng'oka!

KOBE: Isimamishe ile mpya. Isimamishe tu, usiiwashe upya. Ikiwaka upya itamalizia kazi, na kazi iliyobaki ni kisu.

CHAPCHAP: Nimesimamisha.

KOBE: Sasa iite yangu. Imepokea?

CHAPCHAP: Nimeandika, nabonyeza—

KOBE: Umeandikaje?

CHAPCHAP: Jina lake.

KOBE: Jina tu? Toa kidole! Zote mbili zina jina moja! Ukiita jina tu, itaitika ya sebuleni! Umebonyeza, mwanaharamu wewe?

CHAPCHAP: Bado. Bado. Kidole kiko hewani.

KOBE: Futa. Andika njia nzima, kuanzia mzizi. Mkwaju kwanza, kile kistari cha mshazari. Folda kubwa. Mkwaju. Lokali. Taratibu.

CHAPCHAP: Wananivunjia mlango unaniambia taratibu!

KOBE: Taratibu! Kwa mara moja tu maishani mwako! Mkwaju. Sasa jina. Mwishoni weka neno "panda". Nisomee herufi moja moja.

CHAPCHAP: (anasoma, sauti inakatikakatika, nondo zinagonga)

KOBE: Bonyeza.

CHAPCHAP: (mlio mrefu wa mashine. Yowe la mwanamke.)

KOBE: Imekuwaje?

CHAPCHAP: Kimepanda. Shemeji, kimepanda, wamemtoa!

KOBE: Rudia.

CHAPCHAP: Wamemtoa. Mkono upo. Umepondeka, lakini upo.

KOBE: Nilikuuliza dada yangu hajambo. Hukunijibu.

CHAPCHAP: Ningekujibu, ungetupa simu ukakimbilia huku. Nani angenisomea njia?

KOBE: Yeye ni mpanga maboksi. Alifuata nini kwenye kisu?

CHAPCHAP: Wakataji waligoma kuijaribu. Walisema jicho haliwaki. Yeye akawacheka, akasema, "Kaweka mume wangu." Akaingiza mkono.

(Mkwaruzo.)

CHAPCHAP: Shemeji? Upo?

KOBE: Fungua mlango.

CHAPCHAP: Wataniua.

KOBE: Fungua. Upite katikati yao, wakupige watakavyokupiga, umfikie. Umbebe mwenyewe mpaka hospitali. Kwa mikono yako. Unayo yote miwili.

CHAPCHAP: Shemeji, salio linalia—

KOBE: Mimi niko njiani. Nikikukuta humo chumbani, hawatakuwa na kazi ya kufanya. Nitakuwa nimeimaliza.

CHAPCHAP: Nafungua. Mwambie mama mkwe kwamba mi—

KOBE: Haloo? Umefungua? Haloo!