Mulinge na Kipimo Kimoja cha Maabara Zote

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Kitengela kutushika mkono, mimi ni Mwelu, mjane, na familia imeniomba niwasomee maisha ya mume wangu, Mulinge Wathome, aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1979 huko Mwala, akasoma huko mpaka kidato cha nne, akapata diploma ya maabara Nairobi mwaka 2003, kisha akaajiriwa hapa mjini kupima kingamwili za damu, yaani protini za kinga zinazoshambulia kitu kigeni mwilini. Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009, na Mungu akatupa binti mmoja, Katee.

Mwaka 2017 mama mjamzito, Naserian, alipimwa kingamwili zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni, maabara ya hapa alikofanya kazi Mulinge ikasema ziko chini, nyingine ya Kajiado ikasema ziko juu, daktari akafuata ile ya kwanza, asimtibu, na mtoto akafia tumboni. Mulinge hakutulia tena.

"Mama Katee," aliniambia, "kilo ya Kitengela na kilo ya Kajiado ni moja, mbona kingamwili kila mashine iko na kipimo chake?"

Akaungana na Nyawira, mtaalamu wa ile maabara ya Kajiado, wakaagiza seramu sanifu, yaani maji ya damu ambayo kiwango chake kinajulikana na kukubaliwa, ili kila mashine ilinganishwe nayo, wakaifikisha mpaka Magadi na Loitokitok, na mimi nikabaki na wivu, kwa maana jina la Nyawira lilikuwa mezani kwetu mara nyingi kuliko chumvi, na siku ya kukumbuka ndoa yetu yeye ndiye aliyekula na mume wangu huko Loitokitok. Nilipouliza, alisema, "Huyo ni wa kazi tu," nami nikaamini, lakini wivu haukuisha.

Naserian alipopata mimba tena mwaka 2021, maabara zote mbili zilitoa kiwango kimoja, cha juu, akapelekwa mapema hospitali kubwa, na binti yake ndiye huyo aliyepakatwa naye pale mbele.

Mulinge aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo Aprili 2024, akatuacha tarehe 9 Machi 2025, nikiwa nimemshika mkono. Muda mfupi kabla, aliomba simu, akamuuliza Nyawira, "Seramu mpya imefika?" akajibiwa, "Imefika, na Magadi wamepata sawa na sisi," akatabasamu, na tabasamu hilo la mwisho, nasema mbele yenu wote, nilitaka liwe langu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa kazi, na wewe Nyawira, uliyekaa kule nyuma, asante, ingawa leo bado ni vigumu kukutazama.

Baba Katee, kazi umeifanya, sasa pumzika kwa amani.