Tableti ya Maktaba

Ndani ya gari la abiria la Probox kutoka Nunguni, Mwongeli, mtunza maktaba, alikuwa amepakata tableti kama mtoto mwenye homa.

"Mbona bado iko na plastiki?" akauliza mama wa kabichi aliyeketi kando yake.

"Isiingie vumbi. Tangu iletwe nimeifungia kwa kabati. Leo kwa semina huko mjini Wote tunafunzwa kutafutia watu vitabu nayo."

"Na wasomaji wako?"

"Wanaiona kwa kioo cha kabati, mama." Alisema hivyo kwa fahari, kisha fahari ikamtoka. "Na huko semina wakiniambia niiwashe mbele ya watu?"

"Si uiwashe sasa?"

"Na nikiiharibu?"

Gari likasimama Wote. Mwongeli akaibandua plastiki kidogo pembeni, akatazama huku na huku, akaibandika tena kwa kidole gumba.